Mtoto Akishikwa: Kazi ya Mzazi Kabla Hakimu Hajaamua

Karatasi ya mashtaka inayojazwa kituoni ina nafasi ndogo ya kuandika umri wa mshtakiwa. Polisi akiwa na haraka, au akiwa amechoshwa na kijana aliyemkimbiza nusu ya usiku, huandika hapo "mtu mzima" na kuendelea na kazi yake. Asubuhi hiyo hakuna anayeyapigia kelele maneno hayo mawili. Mama anahangaika na dhamana, baba anampigia simu mtu anayemjua mtu kule kortini, mjomba anauliza kama mlalamishi anaweza kulipwa yaishe. Kumbe kijana wa miaka 16 ameshatolewa katika sheria ya watoto na kuingizwa katika sheria ya baba zake: seli yao, mahakama yao, kifungo chao.

Makala haya nawaandikia wazazi, walimu, machifu na wazee wa Meru na Embu. Sheria ya watoto nchini Kenya imebadilika sana, na kwa wema. Lakini haijitekelezi yenyewe. Sehemu kubwa ya kesi ya mtoto huwa imeshaamuliwa kabla ya siku ya hukumu. Huamuliwa katika saa 24 za kwanza, katika ile nafasi ya umri, katika jibu analotoa akisomewa mashtaka, na katika kurasa chache zinazoandikwa na afisa wa probesheni. Kote huko mzazi ana kazi ya kufanya, na mara nyingi hayupo.

Kwanza sheria yenyewe, kwa ufupi, maana wengi wetu bado tunatembea na ile ya zamani kichwani. Zamani mtoto wa miaka 8 angeweza kushtakiwa. Sheria ya Watoto ya 2022, iliyoanza kutumika Julai 26 mwaka huo na kuiondoa ile ya 2001, iliupandisha umri huo hadi miaka 12. Aliye chini ya hapo hana hatia ya jinai kwa jambo lolote alilotenda. Atasaidiwa na afisa wa watoto, basi. Aliye kati ya 12 na 14 huchukuliwa kwamba hajui kutofautisha jema na baya mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Na hakuna mtoto, yaani mtu ambaye hajatimiza miaka 18, anayeruhusiwa kuhukumiwa kifo au kifungo cha gereza. Juu ya hayo ipo Katiba ya 2010, Kifungu cha 53: mtoto asizuiliwe ila njia nyingine zote zikishindikana, na akizuiliwa iwe kwa muda mfupi kabisa unaofaa, mbali na watu wazima.

Utasikia barazani kwamba haya ni mambo ya wageni. Martha Koome, mzaliwa wa kijiji cha Kithiu hapa Meru, ndiye aliyeongoza jopo maalumu la masuala ya watoto la Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki kabla hajawa Jaji Mkuu mwezi Mei 2021. Ni mtoto wa huku huku.

Sasa tuje nyumbani. Pande zetu kuna jambo linalomwongezea mvulana umri bila yeye kuishi hata siku moja zaidi, nalo ni jando. Kijana akitahiriwa likizo ya Desemba, labda ana miaka 13 au 14, anahama nyumba ya mama na kupewa kibanda chake pembeni ya boma. Kuanzia siku hiyo ni mwanamume. Mama haulizi tena amelala saa ngapi wala na nani, na baba, kama yupo, huona aibu kumkemea mwanamume mwenzake. Sina ugomvi na jando. Mila hiyo imelea vizazi. Ugomvi wangu ni na mzazi anayemwambia polisi, mbele ya mtoto, "Huyu ni mtu mzima, tulishampeleka jandoni, mchukueni mkamfunze adabu." Maneno hayo huishia kwenye ile nafasi ndogo ya umri. Siku tatu baadaye mzazi yuleyule anapekua sanduku akitafuta cheti cha kuzaliwa.

Kwa hiyo kitafute leo. Kama hakipo, anza kukiomba, na wakati unasubiri weka pamoja kadi ya kliniki, kadi ya ubatizo na barua ya mwalimu mkuu inayotaja tarehe ya kuzaliwa iliyo kwenye rekodi za shule. Vipige picha kwa simu. Visipopatikana, mahakama itaagiza kijana apimwe umri hospitalini, na daktari wa Embu Level 5 au wa hospitali ya rufaa ya Meru ataangalia meno, pengine na mifupa, kisha aandike makadirio. Makadirio ni makadirio. Mwaka mmoja kwenda mbele si kitu kwa mtoto wa miaka 10, lakini kwa wa miaka 17 ndio mpaka kati ya Mahakama ya Watoto na gereza. Ukiona kwenye karatasi ya mashtaka umri si wake, simama hapo ulipo na umwambie hakimu siku hiyohiyo. Hakimu hana budi kulichunguza jambo hilo, na hatakukasirikia.

Simu ikiingia kwamba mwanao ameshikwa, nenda mwenyewe. Usimtume mtu wa bodaboda aende "kuona mambo yakoje". Ukifika, omba nambari ya OB, uliza kosa analoshukiwa nalo, uliza amelazwa wapi. Sheria inataka mzazi na afisa wa watoto wajulishwe, mtoto asichanganywe na watu wazima, na msichana awe chini ya uangalizi wa polisi wa kike. Palipo na kitengo cha kulinda watoto kituoni, ulizia afisa wake. Pasipo na chumba cha watoto, mtoto huachwa kwenye benchi karibu na dawati la ripoti, amejikunyata na sweta ya shule, huku watu wakija kuripoti ng'ombe aliyepotea. Si pazuri, lakini ni afadhali mara kumi kuliko seli ya walevi.

Embu haihitaji kuambiwa kwa nini usiku wa kwanza ni wa hatari. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma walikamatwa usiku kwa kuvunja kafyu ya korona na wakafa wakiwa mikononi mwa polisi. Maafisa sita walishtakiwa kwa mauaji. Ndugu mmoja alikuwa na miaka 22, mwingine 19. Hawakuwa watoto kisheria. Lakini tangu wakati huo hakuna mzazi wa pande zile anayeweza kuambiwa "njoo kesho asubuhi" akalala.

Mshukiwa yeyote lazima afikishwe kortini ndani ya saa 24. Kuna mtego hapo ambao wengi hawaujui. Saa hizo zikiishia siku ambayo mahakama haikai, zinasogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Ndiyo maana kukamatwa Ijumaa jioni ni balaa. Mtoto anaweza kukaa ndani hadi Jumatatu bila mtu kuvunja sheria. Ikiwa ni Ijumaa, kazi yako kubwa ni kumwomba OCS, mkuu wa kituo, bondi ya polisi kabla ya giza. Bondi hiyo hailipiwi hata shilingi. Unatia sahihi kwamba utamleta mtoto siku fulani. Ukikwama, piga 116, simu ya bure ya watoto, ueleze mahali mtoto alipo. Na usikubali aandikishe maelezo ukiwa umesimama nje ya mlango. Ana haki ya kunyamaza, na ana haki ya kuwa na mzazi au wakili kando yake.

Siku ya kusomewa mashtaka ndiyo nataka niikalie kidogo, kwa sababu hapo ndipo nimeona watoto wengi wakijimaliza. Karani anasoma mashtaka haraka haraka, anauliza, "Ni ukweli au si ukweli?" Mvulana ametazama chini. Amelala vibaya, ana njaa, na usiku kucha watu wazima wamemwambia kwamba akikubali atarudi nyumbani. Anasema, "Ni ukweli." Maneno hayo yanaandikwa, na kesi iliyohitaji mashahidi watano imekwisha ndani ya dakika mbili. Mwambie mwanao mapema: usikubali kitu ambacho hukufanya, na hata kama ulifanya kitu, usikubali kitu kikubwa zaidi ya ulichofanya. Kama haelewi Kiswahili cha korti, aombe mkalimani wa Kimeru, Kiembu au Kimbeere. Ni haki yake. Kama kosa ni zito na hana wakili, muombe hakimu kwa maneno yako mwenyewe ampangie mmoja wa serikali, kwa kuwa Katiba inasema hivyo pale ambapo kukosa wakili kutaleta dhuluma kubwa.

Hicho "kitu kikubwa zaidi" si utani. Tuseme wavulana wawili wa Runyenjes wamemvizia mwenzao aliyetoka kuuza makadamia, mmoja ana panga, wakamnyang'anya simu. Mtaani huo huitwa ujambazi wa watoto. Kwenye Kanuni ya Adhabu, wizi unaotumia nguvu ukiwa na silaha ya hatari, au mkiwa wawili na kuendelea, ni wizi wa mabavu, kosa ambalo mtu mzima huhukumiwa kifo. Mtoto hanyongwi, lakini kosa likishaandikwa hivyo kila kitu hubadilika: dhamana inakuwa ngumu, rimandi inakuwa ndefu, na njia ya kumwepusha na kesi inafungika. Uliza mapema, kwa heshima, kama ushahidi uliopo kweli unabeba shtaka hilo au unabeba wizi wa kawaida. Wakili mmoja kwa saa moja hapo ana thamani kuliko wakili wa miezi sita baadaye. Na kama mtoto ameshikwa pamoja na mtu mzima, jua kwamba kesi haitasikizwa katika Mahakama ya Watoto, hivyo wakili aanze kwa kuuliza kama mashtaka yanaweza kutenganishwa.

Kwa makosa madogo, sheria ya 2022 imefungua mlango ambao ningependa kila chifu wa Igembe na Mbeere aujue kama anavyojua jina lake. Polisi, mwendesha mashtaka au mahakama wanaweza kumwepusha mtoto na kesi kabisa. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ina sera yake kuhusu jambo hilo tangu 2019. Mtoto anakubali kosa kwa hiari yake, mzazi anahusishwa, kisha inapangwa namna ya kulipia: kuomba msamaha, kurudisha mali au thamani yake, kuhudhuria shule kila siku chini ya uangalizi, kupata ushauri nasaha, kufanya kazi ya jamii. Mvulana aliyeiba kibunda cha miraa Laare au muguka Kiritiri anamalizana na mwenye shamba, anarudi darasani, mwisho. Lakini mlango huu haufunguki wenyewe. Mzazi ndiye wa kumwendea mwendesha mashtaka, pamoja na mlalamishi ikiwezekana, na kusema kwamba familia iko tayari. Nenda na pendekezo kamili: nani atalipa nini, lini, nani atamsimamia mtoto. Msamaha mtupu haumsaidii mwendesha mashtaka kuandika chochote kwenye faili.

Hapa wazee wa Njuri Ncheke wana nafasi yao, na Katiba, Kifungu cha 159, inawatambua wanaosuluhisha kwa njia za jadi. Mzee anayejua kwa nini boma mbili zimegombana tangu mpaka wa shamba ulipohamishwa ataona katika wizi wa kuku jambo ambalo hakimu hatalijua kamwe. Ila kuna mambo mawili ambayo wazee hawana ruhusa nayo. La kwanza ni viboko. Mahakama zenyewe ziliondolewa adhabu hiyo, na kumchapa mtoto kwa amri ya baraza ni kosa jipya juu ya lile la kwanza. La pili ni unajisi.

Hili la pili lina historia hapa Meru, na si historia ya kujivunia. Mnamo Mei 27, 2013, Jaji Makau wa Mahakama Kuu ya Meru alitoa uamuzi katika kesi iliyofikishwa na shirika la Ripples International kwa niaba ya wasichana walionajisiwa na ambao polisi walizembea kuchunguza malalamiko yao. Alisema uzembe huo ulikiuka haki zao za kikatiba. Kwa hiyo nikiwatetea wavulana katika makala haya, msomaji asidhani nimewasahau wasichana hao. Mbuzi na blanketi hazifuti unajisi, na kesi ikishaingia kortini ni serikali tu inayoweza kuiondoa. Familia ya mvulana inayokimbilia kuelewana na familia ya msichana usiku haimwokoi mtoto wao. Inajiongezea mashtaka ya kuvuruga ushahidi.

Lakini papo hapo pana shimo katika sheria. Wanafunzi wawili wa sekondari, wote na miaka 16, wakiwa wapenzi, anayeshtakiwa kwa kawaida ni mvulana peke yake. Mahakama Kuu ya Homa Bay mwaka 2017 iliona ubaguzi katika hilo. Akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inamwachia hakimu nafasi ya kumshughulikia kama mtoto. Mwenzake aliyetimiza 18 mwezi uliopita hana nafasi hiyo. Msichana akiwa na miaka 16 au 17, kifungo cha chini kabisa ni miaka 15. Akiwa kati ya 12 na 15, ni miaka 20. Mahakama ya Juu, Julai 2024, ilithibitisha kwamba viwango hivyo ni halali na hakimu haruhusiwi kushuka chini yake. Mwaka 2019 majaji watatu wa Mahakama ya Rufaa walisema wazi kwamba taifa linahitaji kulijadili upya suala la vijana wanaopendana wakiwa na umri unaokaribiana. Bunge bado halijawajibu. Mzazi mwenye mtoto wa kiume kidato cha nne, keti naye umwambie hayo kwa lugha nyepesi, ukitaja miaka 15 kwa sauti. Kuna kuona haya, halafu kuna miaka 15 katika gereza la Kangeta au Uruku.

Mtoto akishapatikana na hatia, hakimu husubiri ripoti. Afisa wa probesheni, na mara nyingine afisa wa watoto, huja nyumbani, huongea na chifu, mwalimu, majirani na mlalamishi. Nyumba nyingi huogopa ugeni huu na kuficha mambo: baba aliyehama, mama anayeuza pombe, kaka aliyefungwa. Usifiche. Afisa ataambiwa na jirani kabla ya kumaliza chai, na ripoti itasema familia haiaminiki. Anachotafuta ni jibu la swali moja: mtoto huyu akiachwa nje, nani atamshika mkono? Kuwa na jibu lenye jina. Shangazi yake wa Nkubu mwenye duka atamchukua. Mwalimu amekubali arudi muhula ujao. Fundi wa pikipiki pale Manyatta atamfundisha kazi, na huyu hapa, amekuja mwenyewe aongee. Nimesoma ripoti za aina zote mbili, na hukumu hufuata ripoti kama mkokoteni unavyomfuata punda.

Hakimu ana njia nyingi zaidi ya watu wanavyofikiri: kumwachilia kwa masharti, probesheni, kazi ya jamii, fidia, ushauri nasaha, kumtia mzazi dhamana, kumpeleka chuo cha ufundi, kumkabidhi kwa mtu mwingine anayefaa, shule ya kurekebisha tabia kwa wadogo, na taasisi ya Borstal kwa waliotimiza miaka 16. Mwulize, kupitia wakili au wewe mwenyewe, kama zile za nyumbani zimefikiriwa kwanza. Katiba inamdai hivyo.

Borstal ndiyo inayonisumbua zaidi. Kifungo chake ni miaka mitatu, amri moja kwa wote, aliyeiba jenereta na aliyemjeruhi mtu. Sheria yake ni ya kikoloni na imezeeka vibaya. Huwezi kusema "muda mfupi kabisa unaofaa" halafu ukawa na kipimo kimoja cha nguo kwa kila mtoto. Kisha umbali. Za wavulana ziko Shikusa kule Kakamega na Shimo la Tewa kule Mombasa. Ya wasichana iko Kamae, Kiambu. Kutoka Meru mjini hadi Shimo la Tewa kupitia Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Mama wa Maua anayechuma miraa ya watu kwa kibarua hafiki huko, na mtoto asiyetembelewa kwa miaka mitatu hutoka akiwa amepata familia nyingine.

Tuna kumbukumbu yetu wenyewe ya kuwazuilia vijana. Mwaka 1955, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilifungua kambi ya vijana Wamumu, katika nyanda za Mwea ambazo wakati huo zilikuwa wilaya ya Embu. Iliwakusanya mamia ya wavulana waliozuiliwa kwa tuhuma za Mau Mau, wengine wakitolewa kambi ya Manyani. Ilikuwa dhuluma, watoto walizuiliwa bila kosa la kueleweka, na sitaki mtu aipambe. Hata hivyo vijana wale walifundishwa ufundi, wakasoma, wakacheza michezo, na walipotoka walitafutiwa kazi. Geoffrey Griffin, aliyekuwa mmoja wa wasimamizi, alianzisha shule ya Starehe mwaka 1959 pamoja na Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo. Wamumu yenyewe leo ni shule ya kurekebisha tabia. Nikiutenga ukoloni, ninalobakiza ni hili: kilichowasaidia wavulana wale ni kazi iliyowasubiri nje. Urefu wa kuzuiliwa haukuwa na msaada wowote.

Nao wapo wanaoniuliza: na shule ya St. Kizito je? Usiku wa Julai 13, 1991, kule Tigania, wavulana waliwavamia wasichana bwenini na wasichana 19 wakafa; wengine wengi walibakwa. Siwezi kuandika kuhusu watoto wakosaji wa Meru nikaruka usiku ule. Kosa la namna hiyo linahitaji kuzuiliwa, na kwa muda wa maana. Sheria mpya haijakataa hilo. Inachokataa ni kumfungia mtoto bila mwisho. Zamani mtoto aliyepatikana na kosa la adhabu ya kifo alizuiliwa kwa hiari ya Rais, bila tarehe ya kutoka. Mwaka 2017, katika kesi ya AOO na wenzake sita, Mahakama Kuu ilisema utaratibu huo unakiuka Katiba. Sasa hakimu au jaji lazima ataje muda. Familia iliyopoteza mtoto nayo inahitaji tarehe hiyo ijulikane.

Bado pana wanaoanguka katikati. Kijana anafanya kosa akiwa na miaka 17, kesi inavutwa, anapatikana na hatia akiwa na 19. Borstal haimpokei tena, na gereza halikupaswa kumpokea kwa kosa la utotoni. Kamiti kuna kituo cha mafunzo ya vijana cha miezi minne, na hakitoshi kosa kubwa. Majaji wamekuwa wakijibunia njia, kila mmoja yake. Ukiwa na kesi ya namna hii, kazi yako ni moja: usiruhusu kesi iahirishwe ovyo. Kila mara shahidi anapokosa, mwambie hakimu tarehe ambayo mtoto anatimiza 18. Iandikwe.

Wapi pa kupeleka malalamiko? Kila mahakama, kuanzia Maua, Tigania na Nkubu hadi Embu, Siakago na Runyenjes, ina kamati ya watumiaji wa mahakama inayowaketisha pamoja hakimu, polisi, magereza, probesheni na wawakilishi wa jamii. Mwulize msimamizi wa mahakama inakutana lini na nani anaiwakilisha kata yako. Ukiwa mchungaji au mwalimu, omba nafasi. Peleka mambo mahususi: kituo fulani hakina chumba cha watoto, rimandi ya watoto inachanganya waliotupwa na wazazi na walioshtakiwa, ripoti za probesheni zinachelewa. Bunge nalo hupokea maombi ya mwananchi yeyote chini ya Kifungu cha 119. Miaka mitatu ya lazima ya Borstal na vijana wanaopendana wakiwa na umri unaokaribiana ni mambo mawili yanayofaa kuandikiwa. Na mwakilishi wa wadi usimwache. Vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kulea watoto ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Hakimu wa Siakago hawezi kuagiza mtoto apelekwe chuo kisicho na mwalimu wa uchomeleaji.

Kisha mtoto atarudi. Hapa tunazembea sana. Tunapika, tunaomba, halafu Jumatatu anakaa kwenye mawe ya njia panda. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, nenda kwa afisa wa probesheni umwulize nani atamfuatilia. Nenda kwa mwalimu mkuu na barua mkononi. Akikataa kumpokea, muombe akuandikie sababu, na utashangaa jinsi kuandika kunavyobadilisha mawazo ya watu, maana elimu ya msingi ni lazima kwa kila mtoto na kiongozi wa shule analijua hilo. Kama hasomi tena, fundi awe ameshakubali na siku ya kuanza ijulikane. Na mlalamishi, hasa akiwa jirani, mfikie kabla ya mtoto, ukiwa na mzee anayeheshimiwa na boma zote mbili, mkubaliane kama mtoto ataenda mwenyewe kuomba radhi au atakaa mbali kwanza, na deni lililobaki, kama lipo, litalipwa kwa mafungu gani.